Mateke 15 ya Chun-Li: Justin Wong alikosea wapi?

Kila anayefuatilia gemu za kupigana ameshaiona video hii, hata kama Street Fighter III yenyewe hajawahi kuigusa. Ken, mhusika wa Mjapani Daigo Umehara, amebakiwa na damu, yaani uhai, ya pikseli moja. Chun-Li, mhusika wa Mmarekani Justin Wong, anaachia supa, pigo kubwa kuliko yote aliyonayo. Ukumbi unaanza kulipuka kabla supa haijaisha, na inapoisha hakuna neno linalosikika tena, ni mayowe matupu. Watu huisimulia kama muujiza wa vidole vya Daigo Umehara. Vidole vilikuwepo, sikatai. Lakini ukiitazama kwa jicho la mpambano wa wahusika, Ken dhidi ya Chun-Li, utaona kwamba Justin Wong alikuwa na silaha kadhaa za kummaliza mwenzake, akachagua ile moja tu ambayo Daigo hakuhitaji kuibahatisha.

Ilikuwa Agosti mosi, 2004, kwenye Evo, mashindano makubwa ya gemu za kupigana, yaliyofanyika katika chuo kikuu cha Cal Poly Pomona, California. Gemu ni Street Fighter III: 3rd Strike ya Capcom, iliyotoka 1999. Daigo alikuwa na miaka 23, na jina lake lilikuwa kubwa tangu 1998 alipokwenda San Francisco akamshinda Alex Valle wa Marekani kwenye Street Fighter Alpha 3. Justin alikuwa na miaka 18, kijana wa New York aliyeivia kwenye ukumbi wa gemu wa Chinatown Fair na aliyekuwa akitamba kwenye Marvel vs. Capcom 2. Kwa utaratibu wa Evo, ukipoteza mara ya kwanza unashushwa kwenye kundi la pili, ukipoteza tena unafungasha. Hii ilikuwa fainali ya kundi la pili: anayeshinda anaingia fainali kuu, anayeshindwa anaondoka na nafasi ya tatu.

Kukinga na kupangua

Bila kuelewa sheria mbili za gemu hii, kisa chote kinageuka kuwa makelele tu.

Sheria ya kwanza ni ya kukinga. Ngumi na mateke ya kawaida ukiyakinga huumii. Mapigo maalumu na supa ni habari nyingine: hata ukikinga barabara, kila pigo linakumega kidogo. Ukiwa na damu ya kutosha, kumegwa si jambo la kukunyima usingizi. Ukiwa na pikseli moja, kukinga supa ni kufa kwa adabu.

Sheria ya pili ni ya kupangua, na ndiyo inayoitofautisha Street Fighter III na ndugu zake tangu toleo la kwanza la 1997. Badala ya kuvuta fimbo ya kuchezea nyuma ili ukinge, unaigusa mbele, kuelekea kwenye pigo lenyewe, linapokaribia kutua. Pigo likija chini, unagusa chini. Ukipatia, mhusika wako anawaka rangi ya buluu, hapotezi damu hata chembe, na mara nyingi wewe ndiye unayewahi kujibu. Ukikosea, umesimama kifua wazi. Muda unaopewa kwa kawaida ni kama fremu 10, yaani picha 10 za skrini, na gemu inakimbia fremu 60 kwa sekunde, yaani moja ya sita ya sekunde. Wala huwezi kugonga-gonga fimbo ukitumaini bahati, kwa sababu ukigusa mapema na pigo lisije, gemu inakufungia kwa muda kabla ya kukuruhusu kujaribu tena.

Hapo tayari unaona ubishi uliomo ndani ya gemu. Kukinga kunahitaji utulivu tu. Kupangua kunahitaji ujue pigo litakuja lini na litakuja juu au chini, na ujue hivyo kabla halijafika. Kwa hiyo mshambuliaji mzuri wa 3rd Strike haangalii nguvu ya pigo pekee. Anajiuliza kila mara: je, huyu anajua ninachotaka kufanya? Weka swali hilo akilini, tutalihitaji.

Chun-Li na Ken

Kwenye orodha za madaraja za wachezaji wa 3rd Strike, majina matatu hayashuki: Yun, Chun-Li na Ken. Wote ni hatari, lakini hatari zao hazifanani.

Waliokulia kwenye mabanda ya gemu wakicheza Tekken 3 wanamkumbuka Eddy. Mtoto asiyejua lolote anashika padi, anabonyeza mateke hovyo, na mkubwa aliyelipia saa nzima anaangushwa mbele ya watu. Eddy huyohuyo akikutana na mtu anayejua kukinga chini na kusubiri, mbwembwe zinaishia hapo. Chun-Li wa 3rd Strike ni kinyume chake kabisa. Kadiri anavyoshikwa na mtu mvumilivu, ndivyo anavyozidi kuwa mgumu.

Ngumi yake nzito inafika mbali, na anairudisha upesi kiasi kwamba si rahisi kumwadhibu. Teke lake la kati la kuchuchumaa linafagia chini kwa umbali unaoudhi, na likigusa tu, mchezaji mwenye macho anaunganisha papo hapo na supa. Kabla ya mechi kila mchezaji huchagua supa moja kati ya tatu alizonazo mhusika wake. Kwa Chun-Li wachezaji wakubwa karibu wote huchukua ya pili, Houyoku-sen, mvua ya mateke inayomsukuma mbele haraka mno. Geji yake, ule mstari unaojaa kadiri unavyopigana na unaolipia supa, inahifadhi supa mbili. Maana yake ni kwamba Chun-Li mwenye geji iliyojaa anaweza kukaa mbali, akakuonyesha teke moja la chini, na wewe ukashindwa kusogea kwa kuhofia kinachofuata.

Halafu kuna mkamato. Wachezaji wa Chun-Li huanza pigo fulani kisha wanalikatisha mara moja kwa mkamato, mwili unateleza mbele kidogo, na mikono inafika mahali ulipodhani uko salama. Mkamato haupanguliki. Unaweza kuchoropoka ukibonyeza kwa wakati, lakini ukiugusia fimbo mbele unanyakuliwa kama ulivyo. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtu anayetegemea kupangua ndiye anayekamatika kirahisi.

Ken anaishi maisha tofauti. Supa yake ya kutegemewa ni ya tatu, Shippu Jinraikyaku. Geji yake inabeba tatu, na anaweza kuiunganisha na mapigo mengi madogo. Tatizo lake ni umbali. Lazima aingie ndani, na njia ya kuingia inapita kwenye ngumi nzito na teke la chini la Chun-Li. Ndiyo maana wachezaji wengi wanampa Chun-Li ubora kidogo kwenye mpambano huu. Si tofauti ya kutisha, ila Ken ndiye anayelazimika kujaribu kitu, na Chun-Li ndiye anayesubiri kuona kitu gani.

Daigo alikuwa Ken.

Pikseli moja

Sasa tazama skrini. Chun-Li ana damu zaidi na ana supa kwenye geji. Ken amebakiwa na mstari mwembamba ambao kwenye video ya zamani ile inabidi ukodoe macho kuuona. Saa ikiisha, mwenye damu nyingi anashinda, kwa hiyo kila sekunde inayopita ni ya Justin. Mchezo mzima unamtaka asifanye lolote la haraka. Mtu mmoja ukumbini anamhimiza Justin kwa sauti inayosikika wazi kwenye video. Wahusika wako mbalimbali kidogo, hakuna anayetaka kuingia kichwakichwa. Kisha skrini inawaka. Houyoku-sen.

Kwa haraka haraka, uamuzi huo una mantiki yote duniani. Ken akikinga, anamegwa na kufa. Akisimama, anapigwa na kufa. Kuna aina ya kupangua inayofanyika mtu akiwa tayari anakinga, ambayo humfanya mhusika awake nyekundu badala ya buluu, lakini hiyo nayo ilikuwa haimsaidii Daigo: lile teke la kwanza la kukinga lingemuua kabla ya kufika la pili. Kuruka kunawezekana kama ameotea mapema. Akisubiri kuiona supa ndipo aruke, kwa kawaida amechelewa. Mlango uliobaki ni mmoja: kupangua mateke yote, moja baada ya jingine, 15.

Tufanye hesabu ambayo Justin angeweza kuifanya kichwani. Chukua mchezaji hodari sana, anayepatia pigo moja mara 95 kati ya 100. Kupatia 15 mfululizo, kila moja likihesabiwa peke yake, ni kama asilimia 46. Akiwa wa mara 90 kati ya 100, anashuka hadi asilimia 21 hivi. Kwa mwenye damu nyingi na ushindi mkononi, kumwambia mpinzani "fanya hivi mara 15 au ufe" si wazimu. Wengi wetu tungeiachia supa ile, na tungekuwa tumeanza kusimama kwenye kiti.

Ila hesabu hiyo ina shimo. Inachukulia kwamba kila teke ni bahati nasibu mpya. Houyoku-sen haiko hivyo. Ikishatoka, Chun-Li wala Justin hawana la kuamua tena: mateke yanakuja kwa mpangilio uleule, mkupuo, pumziko fupi, mkupuo mwingine, kisha lile la mwisho la kurusha juu. Kila mara. Yote yanapanguliwa kwa kugusa mbele, hakuna la chini la kukuchanganya katikati, hakuna mkamato. Ni mdundo. Mtu aliyeufanyia mazoezi hajibu mateke 15. Anajibu moja, la kwanza, kisha mkono unaendelea wenyewe. Ugumu wote umejikusanya kwenye mlango wa kuingilia.

Na mlango wenyewe ni mwembamba kweli. Supa inatoka kwa kasi kiasi kwamba huruhusiwi anasa ya kuona kwanza ndipo uamue. Lazima kidole kiwe kimeshajiandaa kabla skrini haijawaka. Daigo angejuaje? Kwa sababu ya pikseli moja. Kwa damu ile, supa ilikuwa ndiyo njia fupi kuliko zote ya Justin kumaliza kazi bila kusogea karibu na Ken. Njaa ya kumaliza ilionekana hata kwa watazamaji waliokuwa wakishangilia. Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo watu hulipita: kwenye gemu hii kugusa mbele ndiko kutembea na ndiko kupangua. Ken anayenyatia kwa hatua fupi fupi, anayeonekana kama anapima umbali, anaweza kuwa anapangua katika kila hatua. Ukimtazama kwa macho tu huwezi kutofautisha.

Daigo akaingia mlangoni. Ken akaanza kuwaka buluu, buluu, buluu. Ukitazama bila sauti unaona mtu ametulia kabisa, mapaja ya Chun-Li yanampitia usoni na mwili wake unatikisika kidogo tu kila teke. Ukitazama na sauti, watu wanaanza kuelewa kwenye mkupuo wa kwanza, na kufikia wa pili ukumbi umeshapasuka.

Sehemu ninayoipenda mimi ni ya mwisho, na naona haisemwi vya kutosha. Lile teke la kufunga, Daigo hakulipangua akiwa chini. Aliruka, akalipangua angani.

Kwa nini ujiongezee balaa hivyo? Umeshapangua yote, umebakiwa na moja, mdundo unaujua, kaa chini umalize. Sababu ni damu ya Chun-Li. Ukipangua ukiwa chini unajibu kwa pigo la chini na supa. Ukishuka kutoka angani unaanza na teke zito la kuruka, halafu ndipo yanafuata mengine. Kwa hiyo mtu huyu, katikati ya kelele zile, akiwa na pikseli moja, alikuwa bado anapiga hesabu ya kiasi cha damu anachohitaji kutoa ili asimwachie Chun-Li nafasi ya kusimama tena. Teke la kuruka, teke la kati la kuchuchumaa, Shoryuken, ile ngumi yake ya kupaa, ikakatishwa hapohapo kuwa Shippu Jinraikyaku. Chun-Li chini. Raundi imekwisha, na mechi Daigo aliishinda.

Justin alikuwa na nini kingine?

Swali hili ndilo la uchambuzi wenyewe. Rahisi ni kusema alitakiwa kusubiri saa. Kweli, lakini kusubiri si bure. Mbele ya Ken mwenye supa, kila ngumi nzito unayoitupa inaweza kupanguliwa, na ngumi moja ikipanguliwa inatosha kukufungulia Shippu. Kukaa mbali nako kunamwachia Daigo achague wakati wa kuingia, na kumwachia Daigo achague wakati si jambo la kumshauri mtu.

Ila angalia tofauti. Chun-Li anayebadilisha, mara ngumi ya juu, mara teke la chini, mara anasogea kama anakamata na asikamate, anamlazimisha Ken kubahatisha upya kila mara: niguse mbele, au chini, au niache kabisa? Kwa pikseli moja, kosa moja kati ya hayo ni mwisho. Mapigo ya kawaida hayamegi, hiyo kweli, lakini hayakuhitaji kumega. Yalihitaji kugusa mara moja tu. Mkamato ndio ungekuwa mbaya zaidi kwa Daigo, kwa sababu mtu anayejiandaa kugusa mbele ndiye hasa anayenyakuliwa. Unahitaji kusogea, na kusogea kunatisha, lakini ni hatari ambayo pande zote mbili zinaishiriki.

Supa iliondoa yote hayo. Ilimwambia Daigo: nitakupiga juu, kwa mdundo huu unaoujua, mara 15, na mimi sitakuwa na usemi tena mpaka iishe. Wakati wote ule Justin alikuwa mtazamaji kama waliosimama nyuma yake. Kwa nguvu ya pigo alichagua silaha kubwa kuliko zote alizonazo. Kwa kigezo cha lile swali la juu, je huyu anajua ninachotaka kufanya, alichagua dhaifu kuliko zote.

Sisemi mtu wa kawaida angepona. Wewe na mimi tungekufa kwenye teke la kwanza, la tatu tukijitahidi sana. Uamuzi wa Justin ulikuwa mzuri dhidi ya karibu kila mchezaji aliyekuwa kwenye jengo lile. Mpambano wa wahusika hausomwi kwenye orodha peke yake, unasomwa pamoja na mtu aliyeshika fimbo, na Daigo si mtu wa kumpa kitu kinachokaririka.

Video ilisambaa, ikapewa jina la Moment 37. Namba hiyo haina maana yoyote; Ben Cureton, aliyeipa jina, aliichagua tu ili ionekane kama kuna nyingine 36 za kutafuta. Mwaka 2011 Capcom walipotoa 3rd Strike Online Edition, waliweka tukio hili kama zoezi ndani ya gemu, ukajaribu mwenyewe. Ukijaribu unagundua haraka kwamba ugumu si mkupuo wa pili. Ni kuanza. Ukishaanza sawasawa mara kadhaa, vidole vinaanza kuimba.

Na sasa fainali, ambayo wapenzi wa video hii wengi hawajawahi kuitazama. Daigo hakuchukua ubingwa wa 3rd Strike mwaka ule. Alifungwa na Mjapani mwenzake, Kenji Obata, anayejulikana kama KO, aliyekuwa akicheza Yun. Supa ya Yun inaitwa Genei-Jin, na inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Haitoi mateke yaliyopangwa. Inamwasha Yun kwa sekunde chache awe na kasi na aunganishe mapigo ambayo kwa kawaida hayaunganiki, na kila pigo ndani ya sekunde hizo linabaki chini ya uamuzi wa mchezaji: juu, chini, mkamato, au asimame tu akutazame ukipangua hewa. Geji ni fupi, moja tu, inajaa upesi, kwa hiyo hali hiyo inarudi tena na tena ndani ya mechi moja. Dhidi ya supa ya aina hiyo hakuna mdundo wa kukariri, na Daigo yuleyule, kwa mikono ileile, akabaki wa pili.